Pampu Iliyorudi Ndani ya Boksi

Mkono ulikuwa wa mumewe. Hapo Mama Pindo hakuwa na la kubisha. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikatwa ncha na panga la feni miaka kumi na minane iliyopita, na ni yeye aliyekifunga kwa kipande cha kitambaa kabla hawajakimbilia zahanati. Angekitambua kati ya vidole elfu. Na shati lile, lenye mfuko ulioshuka chini kidogo ya mahali pake, alilishona yeye. Mfuko ulikaa vibaya kwa sababu siku aliyoushona walikuwa wamegombana.

Sasa mkono huohuo na shati hilohilo vilikuwa ndani ya simu ya Godoro, na simu ya Godoro ilikuwa chini ya pua yake.

"Jionee mwenyewe, shemeji," alisema Godoro. "Mimi siongezi neno."

Godoro aliuza magodoro katika chumba kinachotazamana na chao, na tangu mama yake amzae hajawahi kukiacha kitu kipite bila kukiongezea neno. "Ila nasema hivi," akaendelea papo hapo, "mimi nina feni yangu humo ndani. Leo ni siku ya nne. Siku nne, shemeji! Naanza kujiuliza sasa hivi feni yangu inapuliza nyumba ya nani."

Video yenyewe ilikuwa ya sekunde arobaini. Juu yake waliweka muziki wa kutisha, na maandishi mekundu makubwa: FUNDI MWIZI ANASWA! Mashine ya kufulia imeinamishwa, mgongo wake uko wazi. Mikono inaingia ndani na kutoka na pampu ya maji, mpya, inang'aa. Mikono inaiviringisha taratibu ndani ya nailoni, inaiweka kwenye boksi, inafunga boksi. Kisha inashuka kwenye beseni lililo sakafuni, inainua pampu kuukuu yenye ufa na ukoko wa sabuni, na kuipachika pale ilipotoka ile mpya. Basi. Anayetazama anabaki na hasira zake na kitufe cha kusambaza, na watu laki tatu walikuwa wameshakibonyeza.

Mama Pindo alirudi ndani. Chumba chao kilikuwa namba sita katika jengo la vyumba kumi na vinne vilivyozunguka ua. Upande wa dirisha palikuwa na cherehani yake na meza ya kukatia vitambaa. Upande wa ukuta palikuwa na meza ya mumewe, rafu ya vyombo vya watu, na safu ya vifuniko vya chupa ambamo aliweka skrubu za kila chombo alichokifungua, kila kifuniko na karatasi yake yenye jina. Katikati palikuwa na benchi la wateja. Miaka ishirini na miwili waliishi hivyo, mke akishona, mume akifungua, na kelele za pedali zikijibizana na kelele za bisibisi.

Mumewe watu walimwita Taratibu, na jina lilimkaa kuliko shati. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jokofu.

"Huyu ni wewe?" Mama Pindo alimuuliza, akamnyooshea simu. Video alikuwa ameshatumiwa na watu sita.

Taratibu alifuta mikono, akatafuta miwani, akaivaa. Aliitazama video mpaka mwisho. Akaitazama tena mpaka mwisho. Mama Pindo alihisi nywele zinamwota mvi wakati anasubiri.

"Ni mimi," alisema.

"Unafanya nini hapo?"

"Hapo ndipo sijui."

"Hujui! Mikono yako, halafu hujui?"

"Mikono ni yangu, mama. Kazi hiyo siyo yangu."

"Basi mashine ni ya nani?"

"Mashine nyeupe kama hiyo nimefungua mia na ushee. Zote kwa nyuma zinafanana." Akavua miwani, akarudi kwenye jokofu.

Kuna saa mwanamke hutamani mume mwongo. Mwongo angesema si mimi, wamenitengeneza kwenye kompyuta, siku hizi wanaweza hata kumfanya mbuzi ahutubie. Mama Pindo angeishika kauli hiyo na kuipeleka uani kama rungu. Lakini huyu wake alikiri mikono akakana kazi, na kwa kauli kama hiyo humtetei mtu hata kwa mama yake mzazi.

Kufikia saa saba mchana, rafu ilianza kupungua. Walikuja wa pasi, wa blenda, wa redio. Hakuna aliyetukana. Walisema tu wamepata dharura, wanasafiri, wamebadili mawazo, na macho yao yalikuwa yanatembea kwenye kona za chumba yakitafuta maboksi. Taratibu alimpa kila mmoja chombo chake na kusema asante. Godoro alikuja wa mwisho na kuibeba feni yake ikiwa imefunguliwa, panga huku, kikapu kule, nyaya zikining'inia.

"Skrubu zako hizi, jirani," Taratibu alimwambia, akanyanyua kifuniko. "Ziko tano."

"Baki nazo," Godoro akajibu. "Si ndiyo kazi yako, kubaki na vya watu?"

Taratibu alikirudisha kifuniko mahali pake, akakinyoosha kikaratasi chake kwa kidole kile kisicho na ncha. Mama Pindo alimkasirikia Godoro, halafu akamkasirikia mumewe zaidi, kwa kukinyoosha kile kikaratasi.

Jioni ikaja barua ya Mwenyekiti. Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa mama mmoja wa duka la vifaa vya shule, mkali wa haki, aliyeendesha vikao kwa rula ya mbao. Barua ilikuwa fupi: Jumamosi saa nne asubuhi, uani, kikao juu ya mpangaji wa chumba namba sita. Kila aliye mpangaji wa jengo alijua maana yake. Kikao kikisema uondoke, mwisho wa mwezi unaondoka. Na namba sita hakikuwa cha Taratibu peke yake. Palikuwa na cherehani humo, na wasichana watatu waliokuja kujifunza kushona kila asubuhi, na maisha yake yote.

Sasa tuseme ukweli, maana hadithi isiyosema ukweli haina faida kuishinda video ile. Mama Pindo alimshuku mumewe. Alimshuku Alhamisi nzima. Alikata gauni la mteja upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mwanafunzi. Kichwani ilikuwa inamrudia sauti ya Taratibu ambayo wateja wote waliijua, kwa sababu akibadilisha kitu lazima amkabidhi mwenyewe kile kibovu ndani ya mfuko na kumwambia, "Chukua maiti yako ukaizike." Watu walicheka, wakaondoka na maiti zao. Je, inawezekana kumbe ulikuwa mchezo wa kuwafumba macho? Je, miaka ishirini na miwili amekaa hatua tano kutoka kwa mwizi, akimpigia wimbo kwa pedali?

Ijumaa mchana Taratibu alitoka na kisanduku chake kwenda kutengeneza jiko la umeme la mteja, mmoja kati ya wachache waliobaki. Mama Pindo aliwaruhusu wasichana wake waende, akafunga mlango kwa ndani, akapekua.

Alipekua rafu, chini ya meza, ndani ya kabati la nyaya. Aliinua kila boksi na kulitikisa. Akakuta boksi la pampu, la aina ileile ya kwenye video. Akalifungua. Ndani palikuwa na vifuniko vya chupa vitupu, vimeoshwa, vimepangwa. Alikaa sakafuni na boksi mapajani, akaona haya, na bado hakuwa na uhakika. Hiyo ndiyo adhabu ya shaka: ukikuta kitu umekwisha, usipokuta kitu hujapona.

Akatoa simu, akaiwasha video tena, bila sauti. Alitaka kuliona lile boksi vizuri. Akaitazama mara moja, mara tatu, mara ya saba. Macho yakachoka na mikono ile, yakateleza pembeni, kama macho yanavyofanya kwa kitu yalichokishiba.

Na kule pembeni, upande wa kushoto kabisa, palikuwa na kiwiko. Na goti. Na pazia la kijani, la ile oda kubwa ya mapazia ya hosteli. Na gurudumu la cherehani lenye uzi mwekundu, uzi aliofunga yeye ili wasichana wake wajue upande wa kuzungushia.

"Eh, na mimi nimo," alisema kwa sauti.

Kilichofuata kilitoka kwenye kazi yake kabla hakijafika kwenye akili. Alikasirika, hasira za mwalimu. Yule mwanamke wa pembeni alikuwa anashona ovyo! Gurudumu linaenda upande siyo! Kosa la siku ya kwanza, kosa ambalo yeye huwapigia wasichana vidole kwa futi ya kitambaa: gurudumu lije kwako, binti, lije kwako, ukilisukuma litakutafunia uzi. Na pazia nalo, badala ya kuondoka mbele yake na kudondokea nyuma ya cherehani, lilikuwa linapanda kutoka nyuma, linapita chini ya sindano, linamrudia mapajani.

"Nani huyu anashona namna hii?" alifoka peke yake chumbani. "Mimi? Mimi nishone kinyume?"

Halafu akaiweka simu sakafuni, kwa upole sana. Akaiinua tena.

Yeye hakushona kinyume. Miaka thelathini hajawahi kushona kinyume hata usingizini. Basi kilichokwenda kinyume ni video.

Hakumbuki jinsi alivyopanda ngazi. Chumba namba kumi na moja, ghorofani, kilikuwa cha mpiga picha, msichana aliyeitwa Pasipoti kwa sababu karibu picha zake zote zilikuwa za ukubwa huo. Alikuwa anakata picha za mtu mwenye shingo fupi.

"Pasipoti, mwanangu. Video unaweza kuigeuza? Iliyoanzia mwisho ianzie mwanzo?"

"Dakika mbili tu, mama. Kwani vipi? Na mbona umeshika viatu mkononi?"

Zilikuwa dakika mbili kweli. Pasipoti aliondoa muziki na maandishi, akaigeuza, wakainamia kompyuta vichwa vikigusana. Mikono ya Taratibu iliingia ndani ya mashine, ikachomoa pampu kuukuu yenye ufa, ikaiweka kwenye beseni. Ikafungua boksi, ikatoa pampu mpya, ikaivua nailoni, ikaipachika mahali pake. Kwa utaratibu wake uleule wa kumchosha mtu. Na kule pembeni mkewe anashona, gurudumu linakuja, pazia linakwenda.

Mama Pindo alilia. Alilia kwa furaha na kwa aibu, na asingeweza kukuambia chozi lipi ni la nini.

"Mkono wa mtu mwema," alisema Pasipoti, "wameutembeza kinyumenyume mpaka umekuwa wa mwizi." Halafu akakunja uso. "Lakini mama, kesho watasema tumeigeuza sisi. Watasema yao ndiyo ya kweli, yetu ndiyo ya kupikwa. Tutawaonyeshaje ipi ni ya kweli?"

Mama Pindo alifuta macho kwa kanga. Alipoishusha, uso ulikuwa mwingine.

"Wewe kesho lete runinga yako tu," alisema. "Mengine niachie mimi na cherehani yangu."

Taratibu aliporudi alisimama mlangoni kidogo, akatazama rafu, akatazama maboksi, akaning'iniza kofia. Mama Pindo alijua alichokiona. Alitaka kuungama, akasema mengine.

"Kesho kwenye kikao usiseme neno. Nitasema mimi."

"Nimewahi kusema?" Taratibu aliuliza.

Jumamosi saa nne ua ulijaa. Waliokuja si wapangaji tu, maana kikao cha kumfukuza mtu hakikosi wageni. Runinga ya Pasipoti ilikosa mahali pa kuwekwa mpaka Godoro mwenyewe akajitolea kwa moyo mweupe. Alitoa magodoro manane, akayapanga moja juu ya jingine, runinga ikakaa juu kabisa. "Kila mtu aone vizuri," alisema. "Hata wa nyuma."

Mwenyekiti aligonga rula. Video ikapigwa kama ilivyokuwa, na muziki wake. Watu wakaguna. Pampu ilipoingia ndani ya boksi, mama mmoja alisonya, na Godoro akasimama.

"Mwenyekiti, mimi sina mengi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hapa limekuja na picha zake. Sisi majirani tulimwamini huyu ndugu, tukampa feni zetu, pasi zetu..." Akaendelea hivyo kwa muda ambao ungetosha kushona mto. Taratibu alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, kidole kile kikionekana na wote.

"Namba sita mnasemaje?" Mwenyekiti aliuliza.

Mama Pindo akasimama.

"Mimi sibishi kwamba mkono ni wa mume wangu. Mmeutazama, mmeutambua, vizuri. Naomba itazamwe tena. Ila safari hii mkono huo muuache. Nitazameni mimi. Niko pale pembeni, mwenye goti."

Kicheko kidogo kikapita. Pasipoti akaiwasha tena, bila muziki.

"Nafanya nini pale?"

"Unashona," sauti ikatoka nyuma.

"Pazia linaenda wapi?"

Watu wakasogeza vichwa. Msichana mmoja kati ya wale wanafunzi wake watatu, aliyekuwa ameshika mdomo kwa viganja, hakuweza kujizuia. "Mwalimu! Linakurudia! Na gurudumu... Mwalimu, si umesema..."

"Nimesema nini?"

"Gurudumu lije kwako, kitambaa kiende zake!"

"Leteni cherehani," alisema Mama Pindo.

Waliiburuta kutoka namba sita, miguu yake ya chuma ikikwaruza sakafu ya ua. Akaitia uzi, akaweka kipande cha pazia lilelile la kijani, akamgeukia jirani yake.

"Godoro, shemeji yangu. Njoo ukae hapa."

"Mimi? Mimi nijue wapi kushona?"

"Huhitaji kujua. Fanya kama nilivyofanya mimi kwenye video. Sukuma gurudumu liende kule, vuta kitambaa kije kwako. Si unasema video ni ya kweli? Basi ifuate."

Watu walipiga makofi mpaka akakosa pa kukimbilia. Alikaa, tumbo likagusa meza, akasukuma gurudumu kinyume na kuvuta kitambaa. Cherehani ikakohoa. Uzi ukajikusanya chini ya sindano, ukawa kiota, kisha tap! ukakatika. Akajaribu tena. Tap!

"Mwenyekiti, kuna cherehani zenye kurudi nyuma," alilalamika, jasho likimtoka.

"Zipo," Mama Pindo akajibu. "Swichi yake hii haina, itafute mpaka kesho. Na hata zile zenye swichi, kitambaa ndicho kinachorudi, gurudumu halibadilishi njia. Hapo kwenye video vimerudi vyote viwili. Mimi nimeshona mapazia arobaini ya oda ile, Mwenyekiti, na yako madirishani mpaka leo. Nilishonaje, kama nilikuwa nashona hivi?"

Mwenyekiti alikuwa ameshusha rula. "Kwa hiyo unasema..."

"Nasema video hiyo inatembea kinyumenyume. Hakuna aliyemtengeneza mume wangu kwenye kompyuta. Wameichukua kazi yake ya halali, wakaisoma kuanzia mkiani."

Minong'ono ikapanda. Wengine walisema ndiyo, wengine walisema ni ujanja wa mafundi. Mama Pindo aliona shaka ikiyumba angani, haijaamua itue upande gani. Mwenyekiti akaagiza video ipigwe mara ya mwisho, polepole.

Godoro alikuwa bado amekaa kwenye cherehani, hatua mbili kutoka kwenye runinga, hakuna aliyekuwa karibu zaidi yake. Mkono wa Taratibu ulishuka kwenye beseni, ukainua pampu yenye ufa.

"Hebu simamisha!" Godoro akaropoka. "Rudisha! Rudisha kidogo hapo!"

Pasipoti akarudisha.

"Maji," alisema Godoro. Akainuka, akaweka kidole kwenye kioo. Sauti yake ilikuwa imepotea nusu. "Jamani, tazameni hili tone. Liko kwenye beseni. Sasa tazameni... Linapanda! Tone linatoka kwenye beseni linaruka juu, linaingia kwenye pampu! Maji yanapanda, jamani!"

Walioona walipiga kelele, wasioona wakasukumana waone. Tone likapanda tena, na tena, kila Pasipoti alipolirudisha, na la pili nyuma yake, na la tatu, yanajirusha kutoka chini kwenda juu kama vyura. Ua mzima ukaangua kicheko, kicheko cha watu waliodanganywa na kitu kilichokuwa mbele ya macho yao muda wote. Watu laki tatu, na hakuna aliyeliona tone.

Hapo ndipo Pasipoti akaipiga ile iliyogeuzwa. Pampu mbovu ikatoka. Matone yakadondoka chini, yalikotakiwa kudondoka tangu dunia iumbwe. Pampu mpya ikatoka kwenye boksi na kuingia kwenye mashine. Pembeni mke anashona, pazia linakwenda. Hakuna aliyeguna. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, wakafuata wote, wakapiga kwa nguvu kuliko walivyoguna. Wasichana watatu walimrukia mwalimu wao shingoni. Mwenyekiti aligonga rula mara saba, hakuna aliyemsikia, akaitupa na yeye akapiga makofi.

"Namba sita inabaki namba sita," alitangaza alipopata nafasi. "Na hiyo ya kweli irushwe leo hii, kwa jina la jengo zima."

Taratibu alisimama. Watu wakanyamaza wamsikie. Akafikiri.

"Asanteni," alisema, akakaa.

Walipobaki wawili chumbani, Mama Pindo hakuvumilia zaidi.

"Nilikushuku," alisema. "Nimefunga mlango, nimepekua vitu vyako vyote. Nimeshika kila boksi."

"Niliona. Boksi la vifuniko ulilirudisha kichwa chini."

"Na hukusema kitu!"

Taratibu alivuta kiti, akakaa karibu naye, jambo ambalo mchana hakuwa na desturi nalo. "Mama, watu wengi hivyo waliitazama ile video. Wakaamini, wakalala. Mimi mwenyewe sikujua nianzie wapi. Nilipoona umepekua, nilisema moyoni, alhamdulillahi, yupo mmoja anayetafuta." Akamshika mkono kwa mkono ule wa kushoto. "Anayetafuta ndiye hupata."

Mama Pindo alimwambia kwamba hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema kwa mkupuo mmoja, na kwamba shati lile alilete, leo atauhamisha mfuko.

Jumatatu asubuhi mwenye mashine alijitokeza mwenyewe. Alikuwa nesi, na mkononi alishika mfuko wenye pampu iliyopasuka. Ndiye aliyepiga video, miezi minne nyuma, amtumie mumewe aliye mbali aone mashine imetengenezwa. Imepitaje mpaka ikamfikia mtu wa kuigeuza, hakujua. "Nami nililetewa hiyo iliyogeuzwa," alisema akiinamisha macho. "Nikaangalia sekunde mbili, nikamlaani fundi huyo, nikasambaza kwa kundi zima la kazini. Video yangu mwenyewe, na maiti yangu iko chini ya kitanda." Taratibu alimwambia sasa anaweza kwenda kuizika. Nyuma ya nesi palikuwa na wa pasi, nyuma ya wa pasi wa blenda, na foleni ilitoka mpaka mlango wa Mwenyekiti.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa Godoro. Alibeba feni yake vipandevipande, panga kwapani, kikapu kichwani, na alikuwa ameloa jasho, maana siku zote hizo amelala bila upepo na magodoro yote aliyo nayo.

Taratibu alinyoosha mkono kwenye ile safu, akashusha kifuniko kimoja na kukiweka mezani mbele yake. Kikaratasi kilikuwa bado kimenyooka: *Feni, Godoro.* Skrubu zilikuwa tano.

Godoro alizihesabu kwa macho. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuongeza neno. Alikaa kwenye benchi, na baada ya muda akaitoa simu mfukoni kwa haya.

"Naweza kupiga?" aliuliza. "Niwaonyeshe watu unavyofanya."

"Piga," alisema Taratibu akichukua bisibisi. "Ila hakikisha na mke wangu anaonekana pembeni."

Mama Pindo alikanyaga pedali, na gurudumu likaja kwake.